Stadi au hupu, dropu au dango: majina ya vipuli kwa Kizungu na venye unachagua kabla utume pesa

Mwaka jana niliagiza vipuli mtandaoni, oda ya 24, zile zimeandikwa "huggie", nikijua hiyo ni hupu ndogo tu, yaani kapete ka sikio, basi. Parseli ikafika Kisumu, nikaifungua hapo kwa meza yangu karibu na Kibuye, kujaribu moja kwa sikio langu haifungi. Inabana nyama na inakataa kulia ile "tap" ya kufunga. Kurudi kwa maelezo naona wameandika milimita 6, na hiyo 6 ni nafasi ya ndani, halafu ile bei niliona ni poa kumbe ni ya kipuli kimoja si ya peya. So nilikuwa nimelipia vipande 24, yaani peya 12, za matundu ya pili na ya tatu huko juu ya sikio. Muuzaji hakunidanganya mahali, kila kitu kilikuwa kimeandikwa kwa Kizungu, ni yale maneno tu sikuyajua.

Tangu siku hiyo naandika haya majina nyuma ya kitabu changu cha mauzo, na siandiki moja moja, naandika jina pamoja na lile linakaribiana nalo, juu pesa hupotelea hapo katikati. Wengi mnaniuliza, sana sana nyinyi mnauza kwa status ya WhatsApp huko Kondele, Luanda, Kakamega mpaka Busia, so wacha niyaweke hapa mawili mawili na niseme mimi ningechukua gani.

Lakini kwanza shikeni hii. Lile jina refu la kipuli mnaona kwa pija huwa limejibu maswali matatu kwa mpigo: kina umbo gani, kinashika sikio aje, na kimetengenezwa na nini. Chukua mfano "gold plated leverback teardrop earrings". "Teardrop" ni umbo, tone la chozi, juu nyembamba chini imejaa. "Leverback" ni venye inafunga. "Gold plated" ni madini, tena ni yale ya juu tu. Ukiyapasua hivyo hata jina la maneno 8 halikutishi. Mtu akichanganya umbo na kufunga ndio unaona ameagiza kitu kizuri chenye hakiwezi kaa kwa sikio la kastoma wake.

Stadi na sliipa

"Stud" ni ile inakaa kwa ndewe bila kuning'inia, mbele kuna kijiwe ama kitufe, nyuma kuna mti mdogo unapita kwa tundu. Neno ni lile lile la njumu za viatu vya mpira, zile refa anaangalia kabla timu iingie uwanjani, kitu kimechomoza kidogo kwa uso wa kitu kingine. Ukikumbuka njumu hutasahau stadi tena. Kwa Kiswahili kuna kipini pia, lakini ukisema kipini wengi wanafikiria pua, so mimi kwa meza nasema stadi na kila mtu anaelewa.

Sasa Waingereza wana neno "sleeper", na mara ya kwanza nililiona nilidhani ni ya kitanda. Na ni kama ni hivyo kweli, ni kapete kadogo kembamba plain ambako mtu anaweza kulala nako, kazi yake ni kuzuia tundu lisizibe. Wamama wenye watoto wadogo huuliza nichukue gani kati ya hizo mbili. Kwa mtoto mimi nasema stadi, tena uso uwe laini bila pembe za kukwaruza, na nyuma iwe ya skrubu, yenye wanaandika "screw back". Sababu ni rahisi, pete hata ikiwa ndogo ina mahali kidole kinaweza kuingia, na mtoto atavuta, ama uzi wa sweta ya shule utavuta. Stadi haina pa kushika. Kosa tu ni kuikaza skrubu mpaka mwisho, ndewe ikifura kidogo haina nafasi, so iache ipumue. Na kama ndio ametogwa juzi, zile za kwanza ziache hapo wiki 6 hivi kabla ubadilishe, usiharakishe ati juu kuna birthday.

Sliipa ni ya mtu mzima ambaye havai vipuli kila siku na hataki kutogwa upya. Hapo stadi inashindwa, juu ule mti wake wa nyuma unachoma ukilalia upande.

Hupu na hagi

Hapa ndio niliumia so hapa nitakaa kidogo.

"Hoop" ni pete, duara. Ni lile neno la basketboli, ile chuma ya duara mpira unapita, na pia zile pete za chuma zinashikilia pipa. Kwa hivyo hupu ni duara yenye ina nafasi katikati, unaona shingo kupitia hapo. "Huggie" imetoka kwa "hug", kukumbatia, na ni hupu ndogo, mara nyingi nene kidogo, yenye bawaba, inajifunga tap karibu na nyama ya sikio, nafasi katikati karibu hakuna. So kila hagi ni hupu lakini si kila hupu ni hagi. Mtu anataka kuonekana akiwa mbali anataka hupu. Mtu wa ofisi, nesi, mwalimu, mtu wa kuvaa Jumatatu mpaka Ijumaa bila kutoa, huyo ni wa hagi.

Na usitafute hilo neno peke yake kwenye simu, utaletewa nepi za watoto kurasa na kurasa, juu kuna kampuni ya nepi yenye jina hilo. Andika "huggie earrings" yote.

Saizi sasa. Namba ile ya milimita ni upana wa duara, na kuna "inner diameter" ambayo ni nafasi ya ndani, na "outer diameter" ambayo wamepima na unene wa chuma yenyewe. Kwa hupu kubwa nyembamba tofauti hiyo haina maana sana, lakini kwa hagi nene inaweza kuwa milimita 4 mzima, na hiyo ndio inafunga ama haifungi. Chukua rula ya mtoto ya shule, pima kutoka kwa tundu lako mpaka mwisho wa ndewe chini. Kama ni milimita 5, hagi ya ndani 6 itakufinya maana sikio pia lina unene na duara inajikunja, so enda 8 ama 9 hivi. Kwa tundu la kwanza la mtu mzima mimi sasa siagizi chini ya 8 ndani, na zile 10 ndizo zinaniishia haraka. Za 6 ni za matundu ya juu. Hupu ya 20 mpaka 30 ni ya heshima, inaingia kanisani inaingia kazini. Ya 50 kuenda juu ni ya kuonekana, na hiyo soma sana kama ni "hollow" ama "tube", maana yake ni wazi ndani, ni nyepesi. Hupu kubwa ya chuma iliyojaa inavuta ndewe chini mwaka baada ya mwaka mpaka tundu linakuwa mstari, nimewaona wamama wengi wamefika hapo, na kurudisha ni kushonwa na daktari.

Neno "creole" nalo mkiliona kwa maduka ya Uingereza msihangaike, ni hupu tu.

Dropu na dango, na ile chozi inachanganya watu

"Drop" na "dangle" zote zinashuka chini ya ndewe, na wauzaji wenyewe huzichanganya, so hapa nisiwadanganye kwamba kuna ukuta katikati. Lakini kwa mtu anajali maneno, dropu inashuka kidogo na inatulia, kitu kimoja chini ya sikio. Dango inacheza. Ukigeuza kichwa inageuka nyuma yako, ukitembea inatembea. Jiulize tu, kinaning'inia kimetulia ama kinabembea?

Chaguo langu ni hili. Uso mrefu na shingo fupi, dropu fupi, dango ndefu itagonga bega na itaonekana kama imekosa mahali. Shingo ndefu vaa dango bila kuogopa. Mama mwenye mtoto mgongoni, hata dropu hapana, rudi kwa stadi mpaka mtoto aache kushika vitu.

Sasa hiyo "teardrop". Kastoma aliniandikia anataka "drop", nikamletea dropu zenye umbo la fimbo, moja kwa moja, akasema si hizo, anataka za chozi. Alikuwa anamaanisha "teardrop". Ile ni umbo, si aina. Unaweza pata stadi yenye umbo la chozi na haining'inii hata kidogo, na unaweza pata hupu pia imefinywa juu ikawa chozi. So ukiona "teardrop" bado hujajua kama inashuka, angalia neno la pili.

Shandelia na jhumka

Hizi ni za sherehe na ndio zinaniletea pesa mwezi wa nane na wa kumi na mbili, watu wakiwa na harusi na ayie, ile sherehe ya mahari ya Waluo, kila wikendi. "Chandelier" ni jina la ile taa kubwa ya kuning'inia ya hoteli, yenye matawi na vioo, na kipuli kiko hivyo hivyo, juu nyembamba, kinapanuka kikishuka, ghorofa juu ya ghorofa, kila moja na shanga ama vijiwe vyake. "Jhumka" ni ya Kihindi, ni kengele, kikombe kimepinduliwa na chini kuna vishanga vinaning'inia kwa mdomo wake. Huku kwetu hii si geni, reli ilifika hapa ziwani 1901 na Wahindi wamekuwa na maduka mjini miaka hiyo yote, so nyanya zetu wameona jhumka kabla yetu. Kwa maduka ya mtandao Wazungu hawajaitafsiri, wanaandika hivyo hivyo na hiyo "h" baada ya "j". Ukiandika "bell earrings" unaweza letewa kengele za Krismasi.

Kati ya hizo mbili, bibi harusi wa kilemba asichukue shandelia. Kilemba kinashuka mpaka kwa sikio, shandelia inapanuka, vinagombana hapo na nyuzi za kitambaa zinanasa kwa vijiwe picha zote. Jhumka inakaa chini ya kilemba vizuri, ni duara, haina mikono ya kunasa. Shandelia iende kwa nywele zimebanwa juu na gauni lenye mabega wazi, hapo hakuna kipuli kinaishinda. Lakini zote mbili uliza uzito kwa gramu. Wauzaji wazuri huandika "weight", na wakiandika angalia kama ni ya kimoja ama peya. Mimi nikifika gramu 10 kwa sikio moja nawaambia wasichana wavae baada ya kula, siyo kutoka asubuhi.

Kafu, klipu na klaimba

Hizi tatu watu huziweka kapu moja na ziko mbali kabisa. "Clip-on" haihitaji tundu, inafinya ndewe kama kibanio cha nguo. "Cuff" pia haihitaji tundu, lakini inakaa juu huku kwa gegedu, inateleza tu na kushika, ni kama ile sehemu ya mwisho wa mkono wa shati, na kweli neno ni hilo moja. "Climber" inahitaji tundu, inaingia kama stadi kisha inapanda na ukingo wa sikio kama mmea wa maharagwe kwa mti. Wengine wanaiita "crawler", ni kitu kile kile, usilipie mara mbili ukidhani ni dizaini mpya.

Mama wa kanisa ambaye hajawahi kutogwa na ana harusi ya binti yake, klipu. Lakini si ya kutwa, baada ya saa chache ndewe inauma, awe na pochi ya kuitoa akikaa kwa meza. Kijana wa kiume anataka kitu na mzee wake hataki kusikia habari ya kutoboa, kafu. Ubaya wa kafu ni kuanguka, ukivua helmeti ya boda nayo inaenda, so nunua mbili. Msichana mwenye tundu moja na anataka ionekane kama ana manne, klaimba, na hapo haswa soma kama imeandikwa "left" na "right", kushoto na kulia, juu klaimba ya kushoto ukiiweka kulia haifuati ukingo wa sikio.

"Threader" ni mnyororo mwembamba unaopitishwa kwa tundu na kuning'inia pande mbili, kama uzi kwa sindano. "Jacket" ni stadi mbele na pambo lingine nyuma ya ndewe linachungulia chini. Nzuri zote lakini huku bado hazijaenda sana, sina mengi ya kusema.

Venye inafunga

Hii watu hawasomi na ndio inafanya mtu apoteze kimoja abaki na kimoja. Ya stadi kawaida ni "push back" ama "butterfly", ka-chuma kenye mbawa mbili kanasukumwa tu. Inatoka haraka, inapotea haraka. Skrubu nimeshasema.

Kwa zinazoning'inia kuna "fish hook" na kuna "leverback". Ya kwanza sisi watu wa ziwa hatuhitaji kuelezwa, ni ndoano, na pia wanaiita "French wire" ama "shepherd's hook", fimbo ya mchungaji, zote ni ile ile. Ni nyepesi, rahisi kuvaa, na haifungi. Upepo, skafu, simu, kofia, imeenda. Ukinunua ya ndoano hakikisha imekuja na vile vizibo vidogo vya raba, na kama haikuja nunua pakiti, ni bei ya chini sana. Leverback ni ndoano iliyopewa mlango, nyuma kuna kachuma ka bawaba kanafunga. Kama unaenda kazi na boda kila siku, na unapenda dango, chukua leverback hata kama imezidi mia moja. Mimi mwenyewe sivai ya ndoano barabarani tena.

Dhahabu ya kweli na rangi ya dhahabu

Hapa nawaomba msome polepole. "Gold tone" ni rangi, dhahabu inaweza kukosa hata chembe. "Gold plated" ni tabaka jembamba sana la dhahabu juu ya madini mengine, na litatoka, jasho na losheni na maji ya kuoga vikisaidiana. "Gold filled" jina linadanganya masikio yetu, haijajazwa dhahabu ndani, ni tabaka nene limebandikwa nje kwa joto na nguvu, na kwa sheria ya Marekani dhahabu lazima iwe angalau 1 kwa 20 ya uzito wote, so inakaa miaka. "Vermeil" ni fedha ndani, dhahabu nje. "Solid" ndio dhahabu mpaka katikati.

Mtego mkubwa ni "18K gold plated". Mtu anaona 18K anasikia moyo umepoa. 18K maana yake dhahabu ni asilimia 75, ni kweli, lakini hapo wanasema kuhusu lile tabaka la juu peke yake, si kipuli chote. Kastoma akikuuliza mwambie hivyo, atanunua bado, lakini hatarudi na hasira. Namba 925 nayo ni fedha asilimia 92.5, na hiyo ndio nawachagulia wenye masikio yanawasha, ama titani, "titanium". Kuwasha mara nyingi ni nikeli, na nikeli inajificha kwa neno "alloy", mchanganyiko wa madini ambao hawakutajii ni yapi. Stenlesi pia ina nikeli ndani lakini inaitoa kidogo sana, wengi wanaiweza, wachache hawaiwezi. "Hypoallergenic", yaani ati haiwashi, ni neno la kuuza, angalia madini yameandikwa hapo chini kwanza.

Na kabla ubonyeze kulipa, tafuta "pair" ama "pc". Peya ni viwili, "pc" ni kimoja. "Assorted" maana yake watachagua wao rangi, si wewe. Kama ni ya gegedu utaona "gauge", unene wa ule mti, na inaenda kinyume, 20 ni nyembamba, milimita 0.8, na 16 ni nene, milimita 1.2. Tundu la kawaida la ndewe chukua 20, ukiletea kastoma 16 haitaingia bila machozi.

Zile hagi zangu za milimita 6 nazo zilikaa kwa kikopo miezi miwili. Halafu nikakata karatasi nikaandika "za tundu la juu, unaweza nunua moja", nikazipeleka Maseno siku ya wasichana wa kampasi kufungua muhula, wale wa matundu matatu manne kwa sikio. Hakuna hata mmoja aliomba peya. Ziliisha hiyo wiki na nikaagiza zingine, 6 hizo hizo, kwa "pc".